Kopo la Mwisho Mezani

Ardis Haugdahl hakukubaliana na watu wanaodhani kwamba peremende ni peremende tu. Kwa miaka ishirini na miwili aliyokuwa akiandaa makopo ya safari ya kuwagawia waumini kila Desemba, endapo wangekwama kwenye theluji, katika chumba cha chini ya kanisa la Vesterdal, huko Dakota Kaskazini, alikuwa amejifunza kwamba chokoleti haifiki Krismasi. Dereva huifungua siku ya tatu, akisubiri treni ya ngano imalize kupita, na dhoruba ikija kumkuta barabarani hubaki na karatasi ya kulamba. Kwa hiyo Ardis aliweka peremende ngumu za mdalasini, za aina ambayo hata watoto waliirudisha dukani. Kopo zima lilijengwa kwa hekima hiyo: mishumaa miwili minene, viberiti viwili katika mfuko usiopitisha maji, blanketi jembamba la kung'aa linalokunjwa hadi kuwa dogo kama leso, filimbi, kitambaa chekundu cha kufunga kwenye antena ya gari ili lionekane, na hizo peremende, ambazo mtu angezila tu akiwa amekata tamaa kabisa.

Kopo lenyewe sharti liwe la bati. Siku hizi kahawa huuzwa katika plastiki, na plastiki huyeyuka. Hivyo nusu ya kata ile ilimtunzia Ardis makopo ya zamani kutoka magereji na maghala ya marehemu. Alijua alichokuwa akikifanya. Akiwa bibi harusi wa miezi minne, yeye na mumewe Orville walikwama kwenye theluji kwa muda wa saa kumi na nne, wakaishi kwa mshumaa mmoja uliowaka ndani ya kopo, dirisha likiwa limeachwa wazi kwa upana wa kidole. Hakupenda kuisimulia habari hiyo. Alipendelea kufungasha.

Palikuwa na kopo moja zaidi, la maonyesho. Kwa nje halikutofautiana na mengine. Ndani mlikuwa na kipande cha mshumaa kilichokwisha kuungua, magazeti yaliyokunjwa mahali pa blanketi, na peremende zilizoganda zikawa jiwe. Kiberiti hakikuwamo, maana mtoto mmoja wa shule ya Jumapili aliwahi kukipata. Kila Desemba Ardis aliliinua mbele ya waumini, akaeleza, kisha akalirudisha mezani pamoja na wenzake. LaVonne Brekke, rafiki yake tangu darasa la kwanza, alimwonya miaka mingi.

"Litie alama, shoga. Hata utepe tu."

"Alama ya nini? La mwisho nani atalichukua?"

Katika Vesterdal hakuna aliyewahi kuchukua cha mwisho. Kipande cha mwisho cha keki hukatwa nusu, nusu ikakatwa robo, robo ikakatwa tena, mpaka sahani ikabaki na chembe ambayo kunguru angeionea haya. Nayo chembe hiyo hurudi jikoni. Ndivyo kopo la maonyesho lilivyorudi kabatini miaka ishirini na miwili.

Siku mbili kabla ya Krismasi, Ardis alishuka kanisani asubuhi kuchukua sufuria yake, akafungua kabati, akakuta nafasi tupu. Alimpigia LaVonne simu hapo hapo.

"Kopo la maonyesho umeliweka wapi?"

"Mimi? Nilidhani umeondoka nalo wewe."

"Siku ya kugawa mimi nilikuwa naosha vikombe. Niliporudi meza ilikuwa nyeupe."

Kisha LaVonne akasema polepole, "Yule nesi. Marisela. Alibaki kunisaidia kukunja viti. Nilimwona na kopo mkononi, nikafikiri ni lake la haki."

Ardis aliketi kwenye ngazi. Marisela Quintanar alikuwa ametoka Laredo, Texas, mwezi Agosti, kuja kuhudumu katika nyumba ya wazee ambayo ilikuwa imemtafuta nesi kwa miaka miwili bila kumpata. Ndiye pekee aliyeweza kumfanya mama mkwe wa Ardis, mwenye miaka tisini na minne, amalize uji wake. Hiyo ilikuwa baridi yake ya kwanza. Na leo, kila mtu alijua, alikuwa anaendesha gari peke yake hadi kwa dada yake Minneapolis, wakati redio ilikuwa imetangaza tangu alfajiri kwamba dhoruba ingeingia saa tisa alasiri.

Simu ya Marisela iliita bila kupokewa. Katika nyumba ya wazee walisema ameondoka dakika kumi zilizopita, atapitia kituo cha mafuta cha njia panda, maili kumi na nane kusini.

Orville alikuwa uani, akichomoa waya wa umeme uliokuwa ukiipasha joto injini ya gari usiku kucha.

"Unakwenda wapi na uso huo?"

"Njia panda. Nesi amebeba kopo lisilo na kiberiti."

"Mke wangu, kituo cha mafuta kinauza viberiti."

"Atanunuaje kitu asichojua kwamba hana?"

Orville alikuna shingo. "Basi niendeshe mimi."

"Wewe unaendesha kama unapeleka mayai sokoni. Nipishe."

Barabara ilikuwa kavu na mbingu zilikuwa za buluu, buluu ile ngumu ambayo watu wa huko hawaiamini. Upepo ulikuwa umeanza kutambaza nyoka wembamba wa theluji juu ya lami. Ardis aliendesha kwa kasi ambayo angeilaani kwa mtu mwingine, na njiani akajiuliza swali ambalo hakulipenda. Je, alikuwa anamkimbilia binti wa watu, au analikimbilia jina lake? Kama Marisela angekutwa katika gari lililozikwa, na mkononi ana kopo la Ardis Haugdahl lenye magazeti, kata nzima ingesema nini? Alijaribu kulitenganisha lile la kwanza na hili la pili, akashindwa. Yalikuwa yamesukwa pamoja kama nywele. Akaongeza mwendo. Nia, aliwaza, itachambuliwa baadaye, kiberiti hakingoji.

Gari dogo la kijani la Marisela lilikuwa bado kwenye pampu. Ardis aliegesha nyuma yake, akachukua kopo lake mwenyewe kutoka chini ya kiti, akashuka. Alipolipita lile gari dogo alichungulia dirishani, akasimama. Kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa hadi dari: mablanketi, masanduku, taa ya mezani pamoja na kofia yake, picha za ukutani zilizofungwa kwa taulo. Kwenye kiti cha mbele, mkanda umefungwa vizuri, kilikaa chungu cha mshubiri.

Mtu anayekwenda kula Krismasi kwa siku kumi habebi taa ya mezani.

"Bi Ardis?" Marisela alikuwa amesimama mlangoni mwa duka na kikombe cha kahawa. "Kuna nini? Bibi amezidiwa?"

"Bibi mzima, anamtukana kila mtu. Ni wewe niliyekufuata. Binti yangu, lile kopo ulilochukua kanisani, usisafiri nalo. Ni bovu. Chukua hili."

Marisela hakunyoosha mkono. Uso wake ulijifunga polepole, kama mlango unaofungwa kwa adabu.

"Najua ni bovu. Nililifungua usiku ule ule. Mimi nesi, mama. Siendi kwa mgonjwa na mkoba ambao sijaufungua."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Watu wote wamepewa mishumaa mipya, mimi nimepewa kisiki kilichoungua na magazeti ya zamani. Nilielewa." Alitazama barabara. "Nilijiambia, Marisela, miezi minne wanakuchekea na kukupa keki, kumbe hivi ndivyo wanavyokuona. Angalau wamesema bila kupiga kelele. Watu wa huku hawapigi kelele."

Safari nzima Ardis aliogopa jambo lililokuwa na jina: mtu kuganda. Hili hakuwa amelipigia hesabu.

"Hukupewa," alisema hatimaye. "Lilikuwa la kuonyeshea. La mfano. Sikulitia alama kwa sababu... Ee Mungu wangu. Kwa sababu lilikuwa la mwisho."

"Ndiyo, lilikuwa la mwisho. Ndiyo maana nililichukua."

"Hakuna anayechukua la mwisho!"

"Kwa nini?"

Ardis alitafuta sababu. Alikuwa na miaka sitini na saba na hakuwahi kuulizwa. "Kwa sababu huenda mwingine analitaka."

"Na huyo mwingine akilichukua?"

"Hawezi kulichukua. Ni la mwisho."

Marisela alimkazia macho. "Kwa hiyo halichukuliwi na yeyote."

"Kamwe. Linarudi jikoni."

"Bi Ardis, kwetu ukiacha cha mwisho mezani umemtukana aliyepika. Mama yangu angenifinya. Mimi nililiona limebaki peke yake, nikasema, maskini, yule mama amehangaika mwezi mzima, ataona watu hawakutaka kazi yake. Nikalichukua ili usiumie."

Walitazamana. Kona ya mdomo wa Marisela ilianza kutetemeka, na Ardis hakujua kama yangekuja machozi au kitu kingine mpaka kicheko kilipompasuka yule binti, kikubwa, cha kutoka tumboni, hata kijana aliyekuwa akijaza lori mafuta akageuka. Ardis alicheka pia, kwa namna ya watu wa kwao, yaani mabega tu.

"Miaka ishirini na miwili LaVonne ananiambia weka utepe," alisema huku akifuta macho kwa glavu. "Usimwambie kwamba alikuwa sahihi. Hataacha kulisema, nami sitaweza kuishi naye."

"Nitamwambia kwanza kabisa."

Neno hilo, nitamwambia, neno la mtu atakayerudi, lilikaa hewani kati yao.

Walikaa ndani ya gari la Ardis ili wapate joto, na Marisela akaleta lile kopo bovu. Hakuwa amelitupa. Alikuwa ameondoa magazeti na kutia vitu vyake: kiberiti cha gesi, soksi za sufu, mfuko wa karanga zenye pilipili, na mshumaa mrefu ndani ya glasi, wenye picha ya Bikira Maria na miale ya dhahabu.

"Huu unawaka siku tano," alisema. "Na glasi ndiyo kopo lake."

Ardis aliushika, akaupima uzito. Siku tano. Yeye alikuwa akigawa mishumaa ya saa kumi na kujiona mtaalamu. Alijiuliza kama Walutheri wa Vesterdal wangekubali Bikira Maria kwenye magari yao, akaona kwamba katika nyuzi thelathini chini ya sifuri wangekubali.

"Inauzwa wapi?"

"Kwetu, kila duka. Nitakuletea kreti." Marisela alisita, akatazama kopo lililokuwa magotini mwake. "Nilikuwa nimeandika barua ya kuacha kazi. Niliiacha mezani kwa msimamizi. Yeye anarudi kazini Jumatatu."

Ardis hakusema rudi, wala hakusema tunakuhitaji, ingawa vyote viwili vilikuwa kweli. Kwa watu wa kwao kumsihi mtu ni kama kumvuta nguo. Lakini siku hiyo ilikuwa imemfundisha kwamba kuna adabu inayoweza kumfukuza mtu bila kumgusa, na alihisi kwamba kimya chake, safari hii, kingehesabiwa.

"Mama yake Orville hali uji wa mtu mwingine," alisema kwa shida, sauti ikimtoka kavu. "Na mimi... ningependa ile barua isisomwe."

Kwa Ardis Haugdahl hiyo ilikuwa hotuba.

Marisela aliitikia kwa kichwa taratibu. Alitazama mashariki, ambako barabara kuu ilikuwa bado wazi. Saa ilikuwa tano kasoro; akiondoka sasa angeitangulia dhoruba. Alichukua kopo zima la Ardis na la kwake pia, akasema mawili ni bora kuliko moja. Kisha akafungua mlango wa gari lake, akaufungua mkanda, akarudi na kile chungu cha mshubiri amekifunika kwa koti.

"Kule kwenye gari langu kuna upepo, ataganda kabla sijafika Fargo," alisema, akakiweka magotini pa Ardis. "Dirisha la kusini. Maji kijiko kimoja kwa wiki, basi."

Ardis alirudi nyumbani polepole mno, hita ikiwa imefunguliwa hadi mwisho, jasho likimtiririka ndani ya koti. Upepo ulikuwa umeongezeka, na mstari wa katikati ya barabara ulionekana na kupotea. Hakuwa na kopo lolote ndani ya gari, jambo ambalo angelikemea kwa yeyote. Orville alikuwa dirishani. Alimfungulia mlango, akautazama ule mmea wa miiba, akamtazama mkewe.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Atarudi?"

Ardis alikiweka chungu kwenye dirisha la kusini, akakigeuza kidogo ili kipate mwanga uliokuwa umebaki.

"Amesema tusizidishe maji," alijibu.