Breki ya Vidole Viwili

Siku pikipiki ya Shoto ilipopitiliza kwenye makutano ikaenda kuparamia meza ya muuza viatu vya mitumba, watu wote waliambiwa kosa ni la breki. Shoto mwenyewe ndiye aliyewaambia, hata kabla hajajikung'uta vumbi, na aliendelea kuwaambia huku amechuchumaa anaokota viatu na kukitafutia kila kimoja mwenzake. Hakuna aliyeumia. Muuza viatu alinung'unika kidogo, akasema kikongwe kama kile kilitakiwa kiwe kimeshapelekwa kwenye vyuma chakavu siku nyingi, na Shoto akaitikia kwa kichwa. Alikuwa tayari kuisingizia pikipiki lolote.

Lakini breki hazikuwa na kosa. Zilikuwa zile zile alizozizoea kwa miaka ishirini na sita, breki za ngoma zinazovutwa kwa waya, ambazo ukitaka zishike lazima uukabe mkono wa breki kwa kiganja kizima. Kosa lilikuwa la kiganja. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kulia, kile kidogo na jirani yake, vilikuwa vimekufa ganzi. Vilianza kwa kumchomachoma asubuhi, akavipuuza, na sasa vilikuwa pale kukamilisha idadi tu.

Mwingine angekwenda hospitali. Shoto hakwenda, kwa sababu daktari huandika, na kilichoandikwa hakikawii kufika ofisini. Alikuwa msoma mita za maji. Jina la Shoto alipewa na wenzake kazini kwa kuwa aliandika kwa mkono wa kushoto, na kwa mara ya kwanza maishani aliiona faida ya jambo ambalo mwalimu wake wa darasa la kwanza alijaribu kulitoa kwa fimbo. Mkono wa kushoto uliandika, ulisaini, ulifunua vifuniko vya mita. Ule wa kulia aliutia mfukoni akaonekana mtu wa maringo.

Kwa nini mtu mzima ajisumbue hivyo? Kwa sababu ya dirisha. Pale idara ya maji, mwenye pikipiki yake hupewa mitaa ya mlimani, kwenye kupanda na kushuka na nyumba zilizoachana. Asiye na pikipiki hukalishwa kwenye dirisha la malalamiko. Mwenzake mmoja aliyeharibika macho alihamishiwa huko, na haukupita mwaka akawa mtu wa kusinzia mchana kutwa na kuamshwa na matusi ya watu waliokatiwa maji. Shoto alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, na alikula yamini kwamba dirishani hatakaa hata siku moja. Kule mlimani alikuwa mtu. Mbwa walimjua, wenye nyumba walimwita kwa jina, na hapakuwa na mkubwa wa kumfuata nyuma kumuuliza amefika wapi.

Nyumbani kuficha kulikuwa kazi ngumu zaidi. Tangu waoane, yeye na mkewe walikuwa wakikamua mablanketi pamoja, mke ameshika ncha hii na mume ile, kila mmoja anasokota kwa upande wake mpaka maji yaishe. Sasa blanketi lilimponyoka likaangukia kwenye matope. Mara ya kwanza alisema sabuni za siku hizi zinateleza. Mara ya pili alisema hivyo hivyo. Mara ya tatu mkewe hakungoja kuambiwa, aliliokota, akalisuuza upya, akalianika likichuruzika. Shoto alishukuru moyoni kwamba ameoa mwanamke asiye na maneno mengi.

Wazo lilimjia kwenye maegesho ya ofisi. Alimwona kijana wa idara nyingine akiingia na pikipiki mpya yenye breki ya diski, akaivuta kwa vidole viwili tu, cha shahada na cha kati, huku vingine vimelala kwenye mpini, na pikipiki ikatulia tuli. Shoto alivitazama vile vidole mpaka mwenyewe akamuuliza kama kuna tatizo. Vidole viwili hivyo yeye bado alikuwa navyo, na vilikuwa vizima.

Fundi wake alikuwa na karakana ndani ya kontena nyuma ya mashine ya kusaga, na watu walimwita Mluzi kwa sababu alipiga mluzi tangu anafungua mpaka anafunga. Mluzi alimweleza kwamba mambo si rahisi hivyo. Shokapu za mbele za zamani ni nyembamba, ukizifungia breki ya diski zitajipinda siku ya kwanza ya kufunga breki kwa nguvu. Ukitaka breki mpya, ng'oa mbele kote, shokapu, gurudumu na habu ya katikati yake, uweke vya pikipiki nyingine. Na kama ni hivyo, ndugu yangu, si bora utafute pikipiki nyingine kabisa? Shoto akasema hii ameizoea. Akarudia na hadithi ya makutano, safari hii ameitia chumvi, breki imekatika kabisa.

Kazi ilichukua miezi mitatu, na siku hizo mlimani alipanda kwa bodaboda, ofisini akiwaambia yake iko kwa fundi. Walipata shokapu za pikipiki iliyopondeka nyuma, mbele yake nzima. Walipozileta, ule mhimili unaoingia kwenye shingo ya fremu ukakataa kuingia, wa Shoto ulikuwa mfupi na mwembamba. Ikabidi vipelekwe kwa mkereza vyuma, mhimili wa zamani ukachomolewa na kushindiliwa kwenye kishikio kipya cha shokapu. Ulipokaa, mbele kukawa juu, pikipiki imeinua pua. Mluzi akazipandisha shokapu ndani ya vishikio, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka ikakaa sawa. Akabadilisha sili, ile mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, na mafuta yenyewe. Waya wa spidi haukupata pa kujishika kwenye habu mpya, kwa hiyo mshale ukabaki kwenye sifuri moja kwa moja, na Mluzi akacheka mpaka akakohoa: msoma mita wa mji mzima, mita yake mwenyewe haisomi. Shoto naye alicheka. Siku hizo alikuwa na furaha, alikuwa akitoka kazini moja kwa moja hadi kwenye kontena, anashika tochi, anafuta nati kwa kitambaa, kila kitu kwa mkono wa kushoto.

Ikaja siku ya kutoa hewa kwenye bomba la mafuta ya breki. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja anapampu mkono wa breki na kuubana, mwingine analegeza nati ndogo chini hewa itoke, kisha anaikaza kabla mkono haujaachiwa. Mluzi alilala chini akamwambia Shoto apampu. Shoto akapampu kwa vidole vyake viwili. Bana, shikilia, akasema Mluzi. Lakini kabla hewa haijaisha breki huwa tepetepe, mkono unakwenda hadi mwisho na kurudi na nguvu zake, na mtu lazima aushikilie hasa. Uliponyoka. Wakarudia, ukaponyoka tena, na hewa ikanyonywa upya. Mara ya tatu Shoto alizunguka mbele ya taa, akaupitisha mkono wa kushoto juu ya mpini, akabana kwa huo, amejipinda kiuno mtu asijue anaelekea wapi.

Mluzi akaacha kupiga mluzi. Alimwangalia kutoka pale chini, macho kwenye mkono ule mwingine uliokuwa umening'inia, akarudi kwenye nati yake. Walipomaliza, alichukua bisibisi bila kuombwa, akauvuta mkono wa breki karibu zaidi na mpini. "Hivi hutahitaji kuufuata mbali," alisema, na mluzi ukaanza tena. Shoto akajiambia hajaona kitu. Mtu akitaka sana jambo hujidanganya kirahisi.

Alipoijaribu, alishuka nayo mteremko wa nyuma ya mashine ya kusaga, akavuta kwa vidole viwili. Pua ikainama kwa adabu, shokapu zikameza, pikipiki ikasimama pale pale alipotaka. Akapanda, akashuka tena. Alifanya hivyo mara sita, na mara ya sita alicheka peke yake, mtu wa miaka hamsini na minane.

Kosa alilifanya nyumbani, na lilikuwa kosa la mdomo. Angenyamaza. Badala yake alimwita mkewe nje, akamwita na mwanawe wa kwanza aliyekuwa amekuja kusalimia, akaanza kujisifu. Akawaonyesha diski, akawaonyesha shokapu. Akasema sasa hata mtoto mchanga anaisimamisha. Kijana huyu, ambaye sasa alikuwa na mke na mtoto wake, miaka yote aliiita pikipiki ile Kizee na kuapa hataipanda hata kwa kulipwa. Siku hiyo aliomba ufunguo. Akazunguka mtaa, akarudi, akavuta breki mbele ya mlango, akabaki amekaa juu yake.

"Baba, hii imekuwa kitu kingine kabisa," alisema.

Kisha akaeleza. Amepata kazi ya kusambaza dawa kwenye zahanati, wanataka mtu mwenye pikipiki, nao huikagua, na cha kwanza wanachokagua ni breki. Anatakiwa kuanza Jumatatu. Hakusema anaomba. Aliangalia chini tu, akipapasa tangi.

Mkewe Shoto ndiye aliyesema. "Baba watoto, mlimani umepanda vya kutosha. Wewe kaa kivulini, mwanao naye aanze."

Shoto alikuwa na majibu, si kwamba hakuwa nayo. Angeweza kusema pikipiki ni ya kazi yake. Wangemwambia ofisini hawamfukuzi mtu, watampa kiti. Angeweza kusema ameitengeneza kwa ajili yake mwenyewe. Wangemuuliza kwa nini sasa, wakati kwa miaka ishirini na sita hajawahi kuilalamikia. Na jibu la swali hilo alikuwa nalo mfukoni, limelala pamoja na vile vidole viwili. Aliuma meno. Mkewe akaanza kuisifia kazi, akasema hakuna fundi angekuwa na subira hiyo, na Shoto akajua anavikwa kilemba cha ukoka, ila hakujua kwa nini. Akatoa ufunguo. Kijana akaupokea kwa mikono miwili, akamshukuru, naye akasema si kitu.

Jumatatu asubuhi kijana alimpitia ampeleke ofisini kabla ya kwenda kwenye kazi yake mpya. Shoto alikaa nyuma. Hakuwahi kukikalia kiti kile tangu ainunue pikipiki, hakujua hata kwamba kimebonyea upande mmoja. Barua ya kumhamishia dirishani, aliyopewa ofisini mara tu aliposema hana tena pikipiki, ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Kwa ukaidi tu akashika chuma cha nyuma kwa mkono wa kulia, ule ule, akaubana kadiri ulivyokubali.

Kijana akawasha, akaingiza gia. Akasema bila kugeuka, "Shika kwa kushoto, baba. Breki hizi zinashika ghafla."

Pikipiki ilikuwa imeshaondoka, wamepita nyumba mbili tatu, ndipo Shoto alipouliza nani amemwambia.

"Nani asiyejua, baba?" Sauti ya kijana ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomuuma. "Mama anajua tangu mambo ya blanketi. Fundi naye alikuja nyumbani kumwambia. Mama akasema tukuache uimalize kwanza."

Kumbe walimwangalia. Miezi yote ile ameshika tochi, anafuta nati, anarudi nyumbani na uongo wake mpya, walimwangalia na kungoja shokapu zikae sawa. Hasira ilimpanda hadi masikioni. Hakuna mahali pa kuipeleka mtu akiwa nyuma ya pikipiki, amemwangalia mwanawe kisogo. Akahamisha mkono, akashika kwa kushoto.

Getini pa ofisi kijana alivuta breki kwa vidole viwili, vile vile alivyoonyeshwa. Pikipiki ikatulia tuli. Shoto aliteremka, akasema haya, akaingia bila kuangalia nyuma, lakini sauti ya injini aliisikia mpaka ilipokata kona kuelekea mlimani, maana zahanati ziko huko huko.

Dirishani alikuta foleni inamsubiri. Akavuta kiti, akafungua daftari, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto na ule wa kulia akautia mfukoni kama kawaida yake. Baadaye kidogo akautoa, akaulaza mezani mbele ya watu wote. Hakukuwa na wa kumficha tena.