Mguu Mmoja wa Kaa

Mapenzi Tsuma wa Utange ni daktari, ila usimpelekee mtoto mwenye homa. Yeye ni daktari wa kaa, kamba na chaza. Huchukua kipande kidogo cha nyama, akakipeleka maabara kusoma vinasaba vyake, ndipo ajue nani ndugu wa nani humo majini. Mama mkwe wake, Mama Munga, hakuielewa kazi hiyo hata chembe. Lakini alimpenda mkaza mwanawe, basi, yakaisha.

Miaka mitatu Mapenzi alikuwa akimsaka kaa mmoja wa mikokoni, mwenye magando ya zambarau. Aliwahi kumwona mara moja, akamponyoka. Alishikilia kuwa ni wa ukoo wa peke yake, na wenzake wakamcheka: kaa ni kaa, kapakwa tope tu. Ijumaa moja akamnasa, jamani! Maabara ilikuwa imeshafungwa, akampiga picha, akamtia kwenye friza ya nyumbani angoje Jumatatu.

Jumamosi asubuhi stima ikapotea. Mapenzi akatoka mbio kutafuta barafu. Nayo barafu, siku stima imepotea, utaipata wapi? Alizunguka mpaka jua likawa utosini. Aliporudi na mfuko unaochuruzika, harufu ya tui ikampokea mlangoni.

"Mapenzi!" Mama Munga akamwita kutoka jikoni.

"Abee, mama." Akautua mfuko. "Mama, yule kaa wa kwenye friza?"

"Si alikuwa anayeyuka, mwanangu? Ningemwacha aoze, na wewe umehangaika naye? Wageni wa kanisani nimewapa samaki. Wako huyu hapa, hajaguswa na mtu."

Akafunua kawa. Kaa alikuwa mwekundu, zambarau yote imekwenda na maji ya moto. Mwingine angevunja sahani. Mapenzi machozi yalimlenga, lakini akamtazama mama wa watu, amesimama anangoja kusifiwa, hasira ikamwisha. Tena akakumbuka: moto hauli vinasaba vyote.

Akavunja mguu mmoja, akaufunga kwa nailoni, akaufukia katika barafu.

"Huo wa nini?"

"Wa kazini, mama. Mguu huu unaweza kutuambia ndugu zake ni akina nani."

Kisha akanawa, wakaketi mkekani, wakamla kaa kwa sima. Gamba akaliosha na kuliweka liwe ushahidi. Kaa alikuwa mtamu, ingawa kila tonge Mapenzi alilisindikiza kwa dua.

Na dua ikapokewa! Wiki chache baadaye mguu ule ulisomeka, na ukoo wake haukufanana na wowote waliokuwa nao maabara. Mapenzi akarudi nyumbani anapiga vigelegele tangu njiani.

"Mguu mmoja tu umesema yote hayo?" Mama Munga akashangaa.

Tangu hapo, kaa hapikwi nyumba ile bila mguu mmoja kufungwa nailoni na kuwekwa kwenye friza. Jumapili iliyopita Mapenzi alipoifungua, akakuta na mguu wa kuku.

"Mama, na huu?"

"Mpeleke naye," akasema Mama Munga, akikuna nazi. "Huenda ana ndugu asiowajua."