Dereva Mwenye Leseni

Baba alikuwa dereva wa lori. Alifariki mwezi wa tatu, na mwezi wa tano mimi na dada yangu, aliyenizidi miaka miwili, tukaenda kufanya mtihani wa ukarani katika ofisi moja mjini. Tulikuwa tumejiandaa tangu Baba angali mzima, katika chumba chetu kule Majengo, kwa karatasi kuukuu za mitihani alizotuazima mwalimu jirani. Mwalimu alitufundisha kwamba ukibaki na majibu mawili yanayofanana, usichague linalokupendeza. Tazama ni neno gani linayatenganisha. Dada ndiye aliyeshika upesi. Mara nyingi ndiye aliyenisahihisha.

Maswali yalikuwa ya Kiingereza. Moja nalikumbuka hivi: madereva wote wa kampuni wana leseni, mtu huyu ana leseni, tuseme nini juu yake? Majibu mengine niliyakata mara moja, yakabaki mawili. La kwanza lilisema mtu huyu ni dereva wa kampuni. La pili lilisema huenda ni dereva wa kampuni.

Leseni ya Baba ilikuwa kabatini nyumbani, muda wake haujaisha. Niliwaza hivyo kama ninayewaza habari za watu wengine. Nikatia alama jibu la pili, nikafunua ukurasa uliofuata.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika karibu na soko la Gikomba, dada akaniuliza nimejibu nini pale kwenye dereva. Nikamwambia.

"Mimi nimesema ni dereva," akasema. "Nilijua lile jingine ndilo sahihi. Sikuweza tu kumwekea Baba huenda."

Tukavuka barabara.

Barua iliyokuja ilikuwa yangu peke yangu. Dada alimsomea mama kwa sauti, kisha akanipigia pasi blauzi ya kuanzia kazi. Sijui kama ni swali lile moja lililotutenganisha; hatukuonyeshwa alama. Nilimsihi ajaribu tena mwaka uliofuata, akasema hana haja, akaanza kuuza mitumba.

Nilifanya kazi miezi mingi bila kufurahi wala kuhuzunika. Kisha Jumapili moja, nikichambua mchele, machozi yakaanza kunitoka, na sikuweza kuyazuia. Dada aliniondolea sinia mapajani, akaketi chini, akaendelea kuchambua.