Kidau Nilichokiokota Mikokoni

Katika miaka ile ya kupokea uhuru nilikuwa nikifundisha watoto Kurani karibu na Msambweni, na baada ya swala ya alasiri nilikuwa na kazi nyingine isiyonilipa kitu: kuunda vyombo vidogo vya baharini kwa mbao. Havikuwa vya kuchezea. Niliviunda kama mafundi wanavyounda majahazi yenyewe, nikianza na mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo kizima, kisha mbavu, kisha ubao mmoja baada ya mwingine, na kila ubao nikaushika kwa vijiti vyembamba vya mti badala ya misumari. Kimoja kiliweza kunichukua msimu mzima. Nilivipanga kwenye rafu barazani, na mke wangu alivipangusa vumbi kila Ijumaa huku akinitania, "Mume wangu, hivi vingekuwa majahazi ya kweli, leo tungekuwa mabwana wa bandari."

Mwaka huo mke wangu alikuwa mjamzito. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na ile ya pili ilikaribia kumchukua yeye mwenyewe, kwa kuwa damu ilikataa kukatika. Mkunga wa hospitali alituambia kwa upole, lakini bila kuficha: safari hii azalie hospitalini, na mwezi wa tisa usimkute mbali. Nyumba yetu ilikuwa mwendo mfupi wa miguu kutoka hapo. Nilimshukuru Mungu kwa ukaribu huo kuliko nilivyowahi kumshukuru kwa chakula.

Siku moja nilikwenda kijiji cha Bodo kusoma hitima ya marehemu mmoja. Wakati wa kurudi nilipita njia ya mikokoni, maji yakiwa yamekupwa, nikaona kidau kimekwama kwenye mizizi. Urefu wake ulikuwa kama mkono wangu. Kitambaa chekundu kilikuwa kimefungwa mlingotini, na ndani mlikuwa na ubani uliolowa, yai, na mkate uliovimba kwa maji ya chumvi.

Nikajua ni nini. Kwetu, mtu akiugua na mganga akasema ana pepo, huundwa kidau, kikatiwa vyakula anavyovipenda huyo pepo, kikasukumwa baharini kiondoke na ugonjwa. Kikirudi pwani hakishikwi. Anayekikuta hukisukuma tena kwa upondo, naye amegeuza uso, asione kimeelekea wapi.

Mimi nilikuwa nimesomeshwa kwamba uzima na maradhi viko kwa Mwenyezi Mungu peke yake. Lakini sikukichukua ili nimwonyeshe mtu dini yangu. Nilikichukua kwa sababu ya kazi yake. Mbavu zilikuwa zimekatwa kwenye matawi yaliyopinda yenyewe, na mbao zilikutana hata kucha haipiti. Aliyekiunda alijua kwamba hakuna atakayekitazama, na bado alikiunda hivyo. Nikamwaga vilivyokuwamo, nikakisuuza, nikarudi nacho nyumbani.

Mke wangu hakupiga kelele. Alikitazama kile kitambaa, akajishika tumbo.

"Umekitoa wapi?"

"Mikokoni."

"Kilikuwa na kitu ndani?"

"Uchafu tu. Nimekwisha kuumwaga hukohuko."

"Umemwaga chakula," akasema. "Mwenye chakula umekuja naye."

Tangu siku hiyo hakupita tena barazani. Alizunguka kwa mlango wa jikoni, hata jua likiwa kali, na vumbi likaanza kutanda juu ya vyombo vyangu vyote. Miguu yake ikavimba. Mara mbili aliamka kutoka usingizi wa mchana akasema kuna mtu amesimama mlangoni, nguo zimemlowa kutoka kiunoni kwenda chini, naye hasemi kitu. Nilimsomea Kurani, akatulia. Lakini nilipokwenda kutazama ule mlango, sikupenda jinsi nilivyokwenda polepole.

Mama mkwe wangu akaja kutoka Kikoneni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiwa amesimama uani, akakataa kuingia.

"Mwanangu hatazaa chini ya paa moja na hicho. Lori la mahindi litapita keshokutwa. Nakwenda naye kwetu."

"Mama, Kikoneni hakuna hospitali."

"Hapa ipo. Na wale wawili wako wapi?"

Nilichojua ni kwamba damu ikianza kule, hakuna gari litakalowahi. Lakini kukirudisha kidau baharini kulinielemea pia. Ningeonekana na wazazi wa wanafunzi wangu nikisukuma sadaka ya pepo, mimi ninayewafundisha watoto wao kwamba hakuna wa kuombwa ila Mungu.

Nikaenda kwa mwalimu aliyenisomesha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo.

"Umefikiria pepo, umefikiria na watu. Mwenye kidau je, umemfikiria? Kitu kilichookotwa hutangazwa, kikarudishwa kwa mwenyewe. Sheria ndiyo hiyo, na wewe uliisoma hapa."

Niliona kama nimetuliwa mzigo. Swala ilipokwisha nikasimama nje ya msikiti, maana ndani haifai kutangaza kilichopotea, nikauliza ni cha nani. Watu wakawa wanatafuta viatu vyao kwa haraka. Mkata boriti mmoja alibaki nyuma, akanieleza huku anatazama chini: kilitoka Bodo, nyumba ya mwisho kabla ya mkono wa bahari. Mwenyewe alikiunda kwa ajili ya binti yake, ambaye alikuwa amenyamaza miezi mingi kama aliyekatwa ulimi.

Asubuhi nikakibeba mikononi, wazi, njia nzima. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani waliingia vichakani na ndoo zao kunipisha. Nilipofika nikasikia mchi ukitwanga kinuni, na sauti ya msichana anayeongea mfululizo.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, karibu mwalimu..." Mwenye nyumba alitoka anatabasamu. Halafu akaona nilichobeba. Mchi ukakoma, na ile sauti nayo ikakoma.

"Mwalimu, umefanya nini?"

"Nimekuletea mali yako."

"Hiyo si mali! Hiyo nimeitoa! Usivuke hapo, nakuomba kwa Mungu. Mwanangu ameanza kusema juzi tu."

"Basi nikifanye nini?"

"Ni chako. Wallahi nimekupa, Mungu ni shahidi. Kichukue."

Akafunga mlango, nikasikia komeo linateremka. Ule ulikuwa mlango wa mchana, ambao kwetu haufungwi kwa mgeni. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa nimefuata hukumu ya kitu kilichopotea, na kidau kile hakikupotea hata kidogo. Kilitumwa.

Nikarudi nacho. Uani nikakuta mizigo imekwisha kufungwa, na mke wangu amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, midomo imemkauka. Aliponiona na kidau bado mikononi, alifumba macho.

Nilitandika gunia mbele yake, nikaleta patasi na nyundo ndogo, nikaanza kusukuma vijiti vyake vitoke.

"Unafanya nini?" akauliza mama mkwe.

"Nakifungua."

Chombo hufunguliwa kinyume cha kuundwa. Nikatoa mlingoti, kisha ubao wa juu, kisha wa chini yake, nikivipanga kando kimojakimoja. Kazi ile nzuri iliniuma vidoleni. Mke wangu alifumbua macho. Baadaye akasogea karibu. Nikang'oa mbavu, ukabaki mkuku mtupu, nikauweka kwenye kiganja chake.

"Hiki ni nini?"

"Kijiti," akasema.

"Kinabeba nini?"

Aliinuka, akafungua fundo la mzigo wake. Kesho yake lori lilipita bila yeye, na mama mkwe akabaki nasi, akilala kwa jirani.

Mtoto alizaliwa hospitalini. Damu ilikuja kama ilivyokuja zamani, na safari hii walikuwapo watu wa kuizuia. Mtoto alikuwa msichana. Nilipomwadhinia sikioni alikunja uso, nami nikasujudu palepale kwenye saruji. Alhamdulillahi, deni la shukrani hiyo bado ninalo.

Arobaini haijaisha, yule mtu wa Bodo akaja. Alisimama nje ya ua.

"Binti hajambo?" nikamuuliza.

"Mzima. Anasema kutwa, mpaka tunamwomba anyamaze." Lakini hakucheka. "Kidau kiko wapi?"

"Nimekifungua chote."

"Ulikifungulia wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole mahali palepale uani. Mke wangu alikuwa amekaa hapo, kwenye kivuli cha ukuta, anamnyonyesha mtoto. Yule mtu alimtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Kilikuwa kinakwenda mbali, mwalimu," akasema taratibu. "Wewe umeshusha abiria hapa."

Nikamwambia roho zetu ziko mikononi mwa Mungu. Aliitikia amina kwa moyo, akakataa maji ya kunywa, akashika njia.

"Alitaka nini?" mke wangu akauliza.

"Amekuja kumtazama mtoto."

"Mbona hakuingia?"

Nikampokea mtoto, nikaanza kumsomea.