Bata Mzinga Aliyeungua Nje Akabaki Mbichi Ndani

Mwaka 1987, nikiwa binti wa miaka kumi na miwili, nilitolewa shule nikiwa darasa la tano. Nasema hilo mapema ili msije mkadhani nimekaa hapa kuandika habari za kitoweo. Kitoweo kimo, tena kimeungua, lakini habari yenyewe ni ya shule. Kila mafuta ya nyama yanapodondokea makaa, na moshi ule mzito ukachanganyika na harufu ya kuni za mkaratusi zilizonyeshewa, mimi narudi pale pale: uwanja wa kwetu Kyimo, ukungu umeshuka mpaka usawa wa paa, babu yangu amekaa kwenye kigoda, na mimi nakimbizana kati yake na migomba, kwenda na kurudi, kama mbwa aliyepotelewa na mwenyewe.

Hasira ya siku ile haijanitoka mpaka leo. Nikiisimulia inapungua kidogo, kisha inarudi.

Wakati ule ruksa ya kila mtu kuuza na kununua ilikuwa imeingia. Maduka ya Tukuyu tuliyozoea kuyaona na kiberiti na foleni tu, ghafla yalijaa sabuni, mafuta ya kujipaka, na mitumba iliyoning'inia mpaka barazani. Watu wakasema maisha yamefunguka. Kwetu yalifungwa. Baba alikuwa mtu wa mizani kwenye shamba la chai. Wakapunguza watu, naye akapunguzwa. Sare yangu ilichanika kwapani na hapakuwa na nyingine, tena mikungu ya ndizi ilihitaji kichwa cha kuipeleka sokoni. Kichwa kikawa changu.

Sasa bata mzinga. Mama, kabla hajaolewa, alifanya kazi jikoni kwa meneja mmoja wa chai, na huko ndiko alikojifunza kumpika ndege huyo. Mpishi aliyekuwa rafiki yake alimpa mayai manane, tukamwekea kuku ayaatamie. Yakaanguliwa saba. Mvua za Rungwe hazina huruma na vifaranga vya bata mzinga. Sita walikufa mmoja mmoja, mabawa yameloa. Wa saba nilimlea mimi, pembeni ya mafiga, nikimlisha yai la kuchemsha na majani ya vitunguu niliyoyakatakata kwa mkono. Akakua. Shukrani yake ilikuwa kunikimbiza kila asubuhi mpaka chooni. Baba alimwita Meneja, kwa sababu alitembea amevimba kifua uwanja mzima, anafoka, na hakuna kazi hata moja aliyoifanya.

Kule Bulyaga, Tukuyu mjini, kulikuwa na mfanyabiashara, Mzee Shomari, ambaye babu yake alitoka pwani. Alikuwa amenunua lori, na alitaka mtu wa kumkusanyia ndizi huku kwetu kila wiki, za kupeleka Dar. Mtu anayejua mizani na asiyelewa. Baba alikuwa hivyo vyote viwili. Alimkaribisha Jumamosi moja ya mwezi wa sita aje ale chakula cha mchana, waongee. Jioni ya kuamkia siku hiyo baba akanishika bega.

"Tusekile," akasema, "nikipata kazi hii, Januari unarudi shule."

Kwangu neno hilo lilikuwa kama limesemwa madhabahuni. Nilikwenda kumtazama Meneja bandani, nikamwona ni ada ya shule yenye manyoya.

Mama alitaka amkate vipande, amchemshe kwanza, ndipo amkaange. Baba akakataa. Alikuwa ameona mjini watu wakichoma mbuzi kwenye pipa lililopasuliwa, nje, mbele za watu, akaona huo ndio ukisasa.

"Bata mzinga wa vipande ana tofauti gani na kuku?" akauliza. "Mgeni amwone mzima!"

"Haya," mama akasema. "Nilishamwoka mzima kwenye oveni ya meneja. Hata kwenye pipa nitaweza, mradi moto uwe wangu."

Mradi moto uwe wangu. Yakumbukeni maneno hayo.

Jumamosi asubuhi kijana mmoja wa msikitini alikuja kumchinja, ili mgeni ale kwa amani. Tukamnyonyoa, mama akampaka chumvi, vitunguu na ndimu mpaka ndani ya mbavu. Baba alipanga pipa lake uwanjani, nusu pipa lililolala juu ya mawe manne, na juu yake wavu wa nondo. Kisha akavaa koti, akaondoka kumfuata mgeni Bulyaga. Mama alikuwa ameshawasha moto, anangoja ugeuke makaa. Ndipo tukasikia kikohozi njiani.

Babu, baba yake baba. Baba alikuwa amemwalika aje kukaa na mgeni, nyumba ionekane ina mizizi. Alimwalika kwa saa saba. Babu alifika saa nne.

Kwa wasiotujua sisi Wanyakyusa niwaeleze. Mwanamke akishaolewa, baba mkwe wake hamwoni. Hawapishani njia moja, hawakai uwanja mmoja, hatamki jina lake. Akimsikia anakuja, anaacha alichoshika anajificha. Si ugomvi, ni heshima, na heshima ile mama aliishika miaka kumi na minne bila kosa. Kanisani wengine walikuwa wameshaanza kuilegeza. Babu hakuilegeza, na mama hakuomba ilegezwe. Siku zote haikutusumbua, kwa sababu mama alipika jikoni, ndani, na babu hakuwa na shida ya jikoni. Baba alipolitoa jiko nje hakufikiria jambo hilo. Mwanamume mwenye akili ya mizani, akapima kila kitu akasahau hilo.

Mama alidondosha mwiko, akapotelea kwenye migomba. Babu akaja moja kwa moja mpaka kwenye pipa. Kulikuwa na baridi ya kung'ata mifupa, na uwanja mzima sehemu ya joto ilikuwa moja. Akaweka kigoda chake hapo, akakunja blanketi, akanyoosha mikono juu ya moto, akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo. Moto mzuri."

Nikajua tumekwisha.

Mama akaniita kwa mluzi mdogo nyuma ya majani. "Mweke ndege kwenye wavu," akanong'ona. "Halafu mwambie babu yako moto usogezwe pembeni, huku na huku, katikati pabaki wazi. Ndege mkubwa hapikwi kwa ndimi za moto."

Nikarudi. Nikamlaza Meneja kwenye wavu. Babu akanitazama kwa yale macho yake yaliyozoea kuamua kesi za ng'ombe. Ningemwambiaje mzee yule kwamba hajui moto?

"Babu," nikasema, "mama anakusalimu. Anauliza kama unaona baridi."

"Mwambie naona." Akachukua gogo la mkaratusi, akalitupia ndani. Ndimi zikaruka mpaka mapajani mwa Meneja.

Nikarudi mbio kwa mama. "Anasema anaona baridi."

Mama alifumba macho kidogo. Kisha akanipa kipande cha bati. "Mfunike. Mwambie bati lisitolewe, joto lizunguke ndani."

Nikamfunika. Babu akauliza hilo bati la nini.

"Mama anasema... ni zito, babu. Usilishike, usije ukaumia."

Hapo nikawa nimechokoza nyuki. "Mimi?" akasema. "Mimi niliyebeba nguzo za nyumba ile kwa bega langu?" Akalinyanyua bati kwa kijiti, akalitupa kwenye majani. "Tena nyama inayofunikwa ina siri. Ya nini kumficha? Geuka, bwana mkubwa, geuka." Akampindua Meneja kwa fimbo yake ya kutembelea. Mafuta yakadondoka, moto ukavuma, ngozi ikaanza kupasuka na kuwa nyeusi. Na lile jambo la kuudhi kuliko yote: harufu ilikuwa tamu. Yeyote aliyepita njiani angesema hapa wanajua kupika.

Nilikwenda na kurudi sijui mara ngapi. Manyunyu yakaanza, miguu yangu ikatengeneza njia ya matope. Mama aniambie, "Mwambie aondoe magogo," mimi nifike niseme, "Babu, magogo yatatosha?" Mama aniambie, "Mwambie ndani bado mbichi," mimi nifike niseme, "Babu, mama anasema anapendeza." Nilikuwa namchukia babu kwa kukaa pale. Nilimchukia mama zaidi. Yule aliyejua kila kitu kuhusu ndege yule alikuwa hatua kumi kutoka kwenye moto, amechuchumaa nyuma ya majani kama mwizi wa ndizi, kanga imeloa, na shule yangu inaungua anaitazama.

Mwisho mama akanishika mkono, kwa nguvu. "Sikiliza, Tusekile. Mwambie hivi, neno kwa neno: Babu, mama anaomba uende kwa baba mdogo ukanywe chai, ili aje motoni. Sema hivyo tu. Hatakupiga."

Nilikwenda. Nikasimama mbele ya babu. Alikuwa anaimba chini kwa chini wimbo wa kanisani, magoti yake yanatoa mvuke, mwenye furaha kama mtoto. Nikafungua mdomo.

"Babu," nikasema, "nikuletee chai?"

"Lete, mjukuu wangu. Umelelewa vizuri."

Nikarudi kwenye migomba. Mama akanitazama usoni akingoja.

"Amekataa," nikasema.

Mama alinitazama mpaka nikaangalia chini. "Haya," akasema. Akaenda jikoni kwa mlango wa nyuma kuchemsha chai ya babu, ingawa mimi sikuwa nimemwambia kwamba babu anataka chai. Sikuligundua hilo. Ningeligunduaje? Mtoto mwongo anasikiliza uongo wake tu.

Baba akafika na Mzee Shomari, mtu mnene mpole mwenye kofia safi. Meneja akaletwa kwenye sinia, mweusi anayeng'aa, mzima kama baba alivyotaka. Baba akatia kisu pajani. Damu ikatoka, ikazunguka ndizi zote siniani.

Mzee Shomari akasema taratibu, "Huyu, ndugu yangu, bado anatafuta njia ya kurudi bandani."

Babu akacheka kuliko wote. Baba hakucheka. Mgeni akala mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, akala tena, akasifu ndizi za Kyimo, akashukuru, akaaga. Hakuwa mtu mbaya. Ila kazi akampa mtu wa Lupepo, aliyemkaribisha kwa chai na magimbi ya kuchemsha. Nadhani alifikiri kwamba mtu asiyeweza kusema "bado" kwa kitu kilicho bado, atawezaje kumchagulia ndizi.

Babu alipoondoka, baba akamgeukia mama. Sikuwahi kumsikia akiongea naye vile. "Ulisema unajua! Ulisema umempikia mzungu!"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Mama angeweza kuninyooshea kidole. Alisema, "Maneno niliyompa mtoto yalikuwa nusu nusu. Kosa ni langu." Akamchukua Meneja, akamkata vipande, akamchemsha na ndizi, kama alivyosema tangu mwanzo. Alikuwa mtamu, na hilo nalo lilinikera.

Januari ilikuja, wenzangu wakapita na sare zao, mimi nikapita na mkungu. Nikauza ndizi, nikauza maandazi, nikapikia wajenzi wa barabara, nikafungua hoteli ya mabanzi, ikaungua, nikafungua nyingine. Nasoma polepole lakini kwenye mkataba siwezi kudanganywa. Na miaka yote hiyo moyoni nilikuwa na mashitaka: mzee mmoja mbishi na mwanamke mmoja mwoga walininyima shule.

Baba na babu walikuwa wameshazikwa niliporudi Kyimo na kujenga banda la kuchomea nyama pale pale uwanjani. Siku moja niliingia kwenye migomba kukata jani la kufunikia, nikasikia vijana wangu wawili wakinong'ona kwenye jiko kuhusu ukali wangu. Walinong'ona. Nilisikia kila neno, hata mmoja alivyomeza mate kabla ya kuniita chui. Nikabaki nimesimama na kisu mkononi. Hatua kumi. Chai. Mama alikwenda kuchemsha chai.

Nikamfuata mama barazani. Alikuwa anamenya ndizi. "Mama, siku ile ya Meneja. Ulisikia nilichokuwa namwambia babu?"

"Migomba si ukuta," akasema, bila kuinua kichwa.

"Mbona hukumwambia baba?"

Akamenya nyingine mpaka mwisho. "Mimi mtu mzima nilijificha nyuma ya majani, nikamsukuma mtoto mbele. Ningemshitaki nani?" Kisha akanipa kisu. "Menya hizo. Unasimama tu."

Mashitaka yangu yakakosa mtu wa kumpelekea. Hilo nalo linaudhi, nawaambia ukweli. Hasira isiyo na mwenyewe ni mzigo mbaya kuliko mkungu.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba sita. Nina ekari mbili za migomba na moja ya chai. Nina ng'ombe watatu wa maziwa, pikipiki, na bata mzinga kumi na mmoja. Nina jiko la chuma la kuchomea, lenye mfuniko, lililotengenezwa kwa vipimo vya mama. Nina mtoto wa kiume, na mkwe, mke wake, ambaye ndiye anayechoma. Asubuhi za baridi huwa navuta kigoda changu mpaka kwenye jiko, nanyoosha mikono, naanza kumwelekeza.

"Mama," ananiambia usoni, koleo mkononi, "toka hapo, unaniharibia moto."

Nanung'unika. Lakini natoka.