Nyamera, Mvua na Baba Mkwe

Baba mkwe alikuja kukaa kwetu Issenye, kijiji kilicho jirani na hifadhi ya wanyama, kabla mvua za vuli hazijaanza. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, na mume wangu hakutaka arudi moja kwa moja nyumbani kwake Tarime, kwa sababu alijua akifika tu atachukua fimbo na kuwafuata ng'ombe milimani. Basi akaletwa kwetu, kwenye nyumba ya serikali nyuma ya zahanati ninakofanya kazi ya uuguzi, mahali ambapo hatukuwa na hata ndama mmoja.

Mimi ni mtu wa Njombe. Kwetu pia mkwe anaheshimiwa, lakini anakaa sebuleni na watu wanacheka naye. Kwa Wakurya, watu wa mume wangu, nilikuta heshima ya aina nyingine. Baba mkwe hakunipa mkono hata siku ya harusi. Chakula chake nilikiweka mezani nikaondoka. Akinihitaji aliniita "mokamona", yaani mke wa mwanangu, huku macho yake yako dirishani, na mimi niliitika "abee, baba" huku nikitazama sakafu. Tulikuwa tumeishi hivyo tangu niolewe, bila ugomvi na bila mazungumzo.

Shida yake pale kwetu ilikuwa mikono. Mtu aliyechunga tangu utoto, ukimwondolea ng'ombe hajui mikono aiweke wapi. Aliiweka magotini, akaiondoa, akaipeleka nyuma ya shingo. Asubuhi nzima alikaa barazani akitazama bodaboda zinavyopita, na kila moja aliifuata kwa macho mpaka vumbi lake likatulia.

Jumapili ambazo sikuwa zamu nilikuwa na kawaida ya kwenda kupiga picha. Kamera nilipewa na mdogo wangu, aliyekuwa mpiga picha za harusi kabla hajahamia kwenye video. Wakati ule wa mwaka, malisho ya kijiji yanakuwa na rangi mbili. Kuna nyasi zilizochomwa, nyeusi kama sakafu ya jiko la kuni, na juu ya ule weusi kuna majani mapya yanayochipua hata kwa umande tu. Wanyama wanatoka hifadhini kuyafuata. Mimi nilikuwa namtafuta nyamera, yule mnyama wa kahawia mwenye mapaja meusi yanayong'aa, ambaye hupenda kupanda juu ya kichuguu na kusimama pale kama mlinzi. Nilitaka nimpate amesimama hivyo, jua likiwa linatoka nyuma yake.

Jumapili moja nilikuwa nafunga kamba za viatu, baba mkwe akaniuliza, "Mokamona, unaenda wapi na hicho kidude?"

"Kupiga picha za wanyama, baba."

"Wanyama wa nani?"

"Hawana mwenyewe. Ni wa porini tu."

Akafikiri sana. Kwake mnyama asiye na mwenyewe lilikuwa jambo la kusikitisha kidogo. "Nitakuja," alisema. "Daktari alisema nitembee."

Mume wangu alikuwa bado kitandani. Alipotusikia alicheka, akatutakia safari njema, akajifunika tena.

Tulitembea yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma sana. Aliyetuona angedhani ni watu wasiojuana waliokutana njia moja. Tulipofika kwenye kilima cha mawe yeye alikaa upande wake na mimi upande wangu, tumepeana migongo. Ndipo nilipogundua jambo lililonifurahisha: adabu ya ukwe na adabu ya kuvizia wanyama ni ileile. Kaa kimya. Usisogee ovyo. Usimkazie mtu macho. Sikuwahi kupata mwenzangu mzuri wa kuvizia kama mzee yule.

Isipokuwa kikohozi. Siku moja nyamera alipanda kweli kwenye kichuguu, akageuza kichwa, jua likamgusa pembe. Nilikuwa nimeshabana pumzi, kidole kiko tayari, mara baba mkwe akakohoa, kile kikohozi kirefu cha mtu aliyevuta tumbaku miaka mingi. Nyamera akatoweka. Siku hiyo njia ya kurudi ilikuwa ndefu.

Jumapili iliyofuata hakutoka chumbani. Nilikaa mlangoni nikifunga viatu taratibu, nikavifungua, nikavifunga tena. Niliona wazi kwamba sikutaka kwenda peke yangu. Mwishowe nikasema kwa sauti, nikiutazama ukuta, "Daktari alisema baba atembee."

Kisha nikasikia fimbo ikigonga sakafu.

Siku hiyo mawingu yalikuwa yamejaa upande wa ziwani. Kutoka kilimani tuliiona mvua kabla haijatufikia, ikija juu ya uwanda kama pazia jeupe. Chini yetu ng'ombe wa kijiji walikuwa wanakula pamoja na pundamilia, kama wanavyofanya mara nyingi majani yakiwa machache. Radi ikapiga. Wote wakakurupuka kwa pamoja, ng'ombe na pundamilia wamechanganyika, wakaja mbio upande wetu, na mchungaji wao yuko mbali anakimbia bila matumaini.

Baba mkwe akasimama. Goti alilisahau kabisa. Akainua fimbo na kutoa mlio mrefu wa kuita ng'ombe, unaopanda na kushuka, ambao sikuwahi kuusikia kutoka kwake. Ng'ombe wakapunguza mbio. Hawakuwa wake, lakini walimwelewa. Wakageuka, wakajikusanya chini ya kilima. Pundamilia, ambao nadhani hawakuelewa chochote, walikuja nao kidogo kabla ya kutawanyika. Mimi nilikuwa napiga picha tu, moja baada ya nyingine, nimemsahau nyamera.

Mvua ikatukuta. Tulijibana chini ya jiwe lililoinama, na nafasi ilikuwa ndogo kuliko heshima inavyotaka. Kila mmoja alitazama upande wake. Nilimimina chai kutoka kwenye chupa, nikaweka kikombe juu ya jiwe, nikauondoa mkono wangu, naye akakichukua. Baadaye akaanza kuongea, akiielekea mvua.

"Mimi nilifika huku nikiwa kijana, na baba yangu. Tulilala porini. Nyumbu wakaguna mpaka asubuhi. Mimi sikuwajua. Nikamwambia baba, amka, kuna mnada hapo mbele, twende tukaone ng'ombe."

"Akasema nini?"

"Alicheka mpaka akakaa chini." Yeye mwenyewe akacheka, nami nikacheka, na tulitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza.

Jioni niliziweka picha kwenye kompyuta. Aliziangalia akiwa amesimama nyuma ya kiti, mbali kidogo. Kwenye moja akanizuia. Alikuwepo mtu anayeonekana kwa mgongo, fimbo juu, koti limejaa upepo, na mbele yake mifugo na ile mvua nyeupe.

"Huyu mzee ni nani?"

"Ni wewe, baba."

Akasogea. Akaivaa miwani yake. "Mgongo wangu sijawahi kuuona," alisema polepole. Kisha akamwita mume wangu: "Njoo hapa umwone babu yako. Huu ni mgongo wake kabisa."

Picha ile tuliichapisha Tarime mjini siku tulipomrudisha kwake, goti likiwa limepona. Tulipokwenda tena kumsalimia, mvua zikiwa zimekolea, niliikuta ukutani sebuleni. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, na kabla sijakaa akaniuliza kama nimekuja na kile kidude.

Akanipeleka zizini. Akanionyesha fahali mmoja mmoja, huyu mwenye pembe zilizofunguka, huyu mwenye doa shingoni, na mzee alitaka kila mmoja apigwe picha peke yake, tena kwa upande anaouchagua yeye mzee. Jua lilikuwa la saa saba, kali, baya kabisa kwa picha, na nzi walitua kwenye lenzi. Tulikaa kule mpaka chakula kikapoa, na mume wangu akaja kutuita mara mbili.