Table ya safu tatu niliyotengeneza kwa ajili ya hitma ya bibi

Wakuu, salaam kwenu nyote. Kisa hiki ni changu mwenyewe, na baadhi ya waliokuwepo wamo humu humu jukwaani. Nikitia chumvi watanisuta.

Ilikuwa enzi za internet café. Vyama vingi vilishazoeleka, ingawa uchaguzi ukikaribia sisi wa Pemba bado tulikuwa tunaangaliana kwa jicho la pembeni. Mimi kijana, najifunza JavaScript pale Chake Chake, nikirudi kwetu Msuka najiona mtaalamu.

Bibi, mzaa mama, alifariki wakati wa masika. Ndiye aliyenisomesha Kurani, mimi nimekaa mkekani, yeye anachambua karafuu.

Tangu tumzike nilikuwa siwezi kufungua Msahafu. Nikiufungua tu nasikia sauti yake, naufunga. Sikumwambia mtu.

Mama akataka hitma ya bibi isomwe na ukoo mzima. Shida ni ukoo wenyewe: wengine Msuka, wengine Wambaa, wengine Mombasa, wengine Maskati.

Kwa wasiojua, Kurani ina juzuu thelathini. Watu wakigawana, kila mmoja na juzuu yake huko aliko, hitma inatimia. Mama alitaka Ijumaa baada ya alasiri, dua ikiombwa, ziwe zimesomwa zote.

"Isibaki hata moja, mwanangu," aliniambia. "Bibi yako hakupenda kazi ya nusu."

Nikasema niachieni mimi.

Nikaandika majina thelathini kwenye list. Langu sikulitia. Nilijiambia kazi yangu ni ufundi.

List ilikuwa ndefu, inashuka mpaka inatoka nje ya screen. Nikaandika script ya kuigeuza table: loop inapita jina moja moja, likitimia la tatu inafunga row, inafungua nyingine. Nikabonyeza refresh, majina yakajipanga safu tatu.

Wakuu, nilikaa nikaitazama ile table kama mtu anayeota macho wazi. Shangazi wa Maskati yuko ubavuni mwa binamu wa Wambaa, watu ambao hawajaonana miaka. Nje mvua inanyesha, mwenye café ananiambia muda wangu umekwisha, na mimi nimo katikati ya jamaa zangu wote. Nilifurahi hata nikasahau kwamba tuna msiba.

Niliweka namba, nikaona zinachafua ukurasa, nikazitoa. Juu nikaandika: hesabu tangu mwanzo, nafasi yako ndiyo juzuu yako. Walio mbali nikawatumia link, wa nyumbani nikawachapia karatasi.

Ijumaa ikafika. Wanaume ukumbini, wanawake chumba cha ndani, ubani unafuka. Mjomba Hamadi, kaka yake mama, akaanza kuulizia juzuu moja moja kabla ya dua, wa mbali tukiwauliza kwa simu.

Ya kwanza? Mikono miwili ikanyanyuka.

Ya pili? Mmoja.

Ya tatu? Hakuna hata mmoja.

"Ya kwanza n'mesoma mie," akasema Mzee Faki, jirani yetu na jamaa yetu.

"Na mimi pia, mzee," akajibu binamu yangu Salum. "Jina langu ndilo la mwanzo."

"La mwanzo vipi, yakhe, nawe uko mwisho kushoto? Mie ndo n'nayeanza, niko kulia!"

Hapo nikaelewa. Script yangu ilipanga kuanzia kushoto, na vijana wa skuli wakahesabu hivyo hivyo. Wazee maisha yao yote wamesoma kuanzia kulia, na hili lilikuwa jambo la Msahafu, sasa waanzie kushoto kwa sababu gani? Waliosalimika ni wa safu ya katikati tu. Juzuu nyingine zimesomwa mara mbili, nyingine hazikuguswa na mtu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama alikuwa mlangoni, kashika upawa, na alisikia yote.

"Zilosomwa mara mbili hazina neno," akasema. "Bibi yenu akiletewa sahani ya pili alikuwa hakatai. Hizo zilobaki zigawaneni sasa hivi. Wali utangoja."

Wakagawana. Ikabaki Juzuu Amma, ya mwisho katika Msahafu na ya mwanzo kufundishwa mtoto. Mjomba akanigeukia.

"Na weye?"

"Mimi simo kwenye list, mjomba."

"Mjukuu wake weye. Soma."

Nikafungua. Sauti ya bibi ikaja, kama nilivyoogopa, ila safari hii sikufunga. Nyumba nzima ilikuwa inasoma, kila mtu na pahala pake, sauti zinapanda na kushuka, mpaka nikawa sijui tena ipi yangu na ipi ya nani. Sijui tulikaa muda gani. Nililia mbele ya wajomba zangu huku nasoma, na hakuna aliyeniambia nijikaze.

Hitma ikatimia.

Wanaojifunza code, wekeni namba kwenye kila cell ya table, na muwaulize wasomaji wenu wanaanzia upande gani. La pili halihusu code. Ukipewa kazi kwenye msiba wa mtu wako, usijifiche nyuma ya ufundi. Jina lako nalo litie.

Karibuni tuongee. Kama na wewe kuna kitu cha marehemu wako uliogopa kukifungua, ulikifungua lini?